"Unatumia Kamera Gani?"

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mpiga picha hapa Tanga. Kazi yangu kubwa ni harusi za upande wa kina mama: singo (siku bi harusi anapopakwa ule mchanganyiko wa manjano unaoitwa singo), siku ya kuchorwa piko, na ule usiku wa ukumbini ambao wanaume hawaingii na simu zinakusanywa mlangoni. Nilianza miaka mitano iliyopita kwa sababu familia nyingi za hapa zilikuwa zinatafuta mpiga picha mwanamke na hazimpati. Kamera yangu ni Canon 700D, niliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na ile lenzi yake ya 18-55 inayokuja nayo kwenye boksi. Nina flashi moja. Ndiyo mali yangu yote.

Mwaka jana alihamia hapa dada mmoja kutoka Dar es Salaam. Ana kamera mpya, zile za kisasa zisizo na kioo ndani, inayolishika jicho la mtu yenyewe na kulifuata popote linapokwenda. Tangu aje, kazi zangu zimeshuka kutoka tano kwa mwezi hadi tatu, mwezi mwingine mbili. Lililoniumiza zaidi ni la mwezi uliopita. Mama mmoja wa Ngamiani alinipigia simu tukakubaliana 250,000 kwa siku mbili. Kesho yake akapiga tena, akasema, "Samahani mwanangu, bi harusi anauliza unatumia kamera gani?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia. Hakupiga. Harusi ile alikwenda yule dada.

Nimepata pa kukopa. Ni milioni 6, marejesho 430,000 kila mwezi kwa miezi 18. Wanataka dhamana, na mama amekubali kutoa hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu baba. Amesema kama ndiyo kazi yangu niichukue. Kaka yangu hataki hata kusikia, anasema picha ni picha tu. Rafiki yangu naye ananiambia nisipobadilisha kamera nitaishia kupiga picha za paspoti.

Nimekutumia picha zangu 12 za harusi mbili, na nne za yule dada, ili uone mwenyewe. Nikiziangalia zake naona kabisa zinanizidi, ila ukiniuliza zinanizidi nini, nashindwa kusema. Naomba uniambie ukweli, hata kama utaniuma. Nikope au nisikope? Na kama si kamera, basi tatizo langu ni nini?

Mpwa wako,
Tanga

* * *

Marahaba mpwa wangu.

Usikope. Nalisema mapema ili haya mengine uyasome roho yako ikiwa imetulia. Hati ya kiwanja cha mama isitoke nyumbani kwa ajili ya kamera. Piga hesabu mwenyewe: 430,000 mara 18 ni 7,740,000. Kwa harusi tatu kwa mwezi unapata 750,000, na humo ndani umo usafiri, albamu za wateja na chakula chako. Mwezi wa Ramadhani harusi husimama, marejesho hayasimami.

Lakini hukuniandikia ili nikufanyie hesabu. Umeuliza zile picha zinakuzidi nini, na swali hilo nimekaa nalo siku tatu.

Nilizifungua picha zenu kwenye kompyuta, yako kushoto, yake kulia. Nilichagua zile za bi harusi kwenye kochi la ukumbini, kwa sababu wote wawili mnayo. Yake ngozi imetulia, nyuma kumefifia vizuri, hakuna chenga, zile punjepunje za gizani. Yako ina chenga kwenye kivuli cha shingo, na nyuma inaonekana feni na kiti cha plastiki. Tofauti hiyo ipo, na sehemu yake kubwa imeletwa na vifaa. Sikufichi.

Kisha nikaacha kutazama ngozi nikatazama mlikosimama. Mpwa wangu, mmesimama mahali pamoja! Mbele ya kochi, katikati, hatua nne au tano kutoka kwa bi harusi, kamera ikiwa kwenye urefu wa macho ya mtu aliyesimama. Bi harusi wako ameweka mikono mapajani, piko juu, kidevu kimeinuliwa kidogo, anatazama lenzi. Bi harusi wake vilevile. Bi harusi wako wa pili vilevile. Nikawafunika nyuso kwa kidole nikajiuliza kama ningeweza kumjua nani ni nani. Nisingeweza. Nisingejua yupi alikuwa na hofu, yupi alikuwa anazuia kicheko, yupi alimkumbuka baba yake aliyefariki. Nisingejua hata kama ule ni ukumbi wa Tanga au wa mji mwingine wowote wenye kochi la dhahabu.

Sasa rudi kwa yule mama wa Ngamiani. Unadhani bintiye anajua kamera? Hajui, wala hana haja ya kujua. Alifungua picha zako, akafungua za mwenzako, akaona pozi moja, kochi moja, tabasamu moja. Alitaka kuchagua, na hapakuwa na cha kuchagulia. Kwa hiyo akauliza kitu pekee kilichobaki cha kuuliza. Ukiwapelekea watu vitambaa viwili vya rangi moja na mshono mmoja, watauliza kiwanda. Swali lile lilikuja kwa sababu picha zako hazikuwa zimesema wewe ni nani, na kamera ya milioni 6 isingezisemea.

Nikuhadithie habari za mtu mmoja wa Bamako, Mali, aliyeitwa Seydou Keïta. Alifungua studio nyumbani kwake mwaka 1948. Kamera yake ilikuwa ya mbao, ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na hata wakati ule haikuwa kifaa cha ajabu. Mara nyingi alipiga uani, kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Kwa sababu ya gharama, kila mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Pozi moja, hakuna kurudia!

Basi nguvu zake zote alizimaliza kabla ya kubonyeza. Alimgeuza mtu bega, akainamisha kichwa kidogo, akaukunjua mkunjo wa gauni, akauweka mkono pale vidole virefu vitakapoonekana. Aliyetaka saa, kalamu au redio aliazimwa. Mwanamke aliyevaa kitambaa cha maua akawekwa mbele ya pazia la maua, na ukitazama unadhani angepotea, kumbe ndipo uso wake unapojitokeza. Mwaka 1994 picha zile zilifanyiwa maonyesho Paris, na leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Wateja wake walikuwa watu wa mjini tu, waliotaka kuonekana jinsi walivyojiona wenyewe moyoni, na yeye alikuwa anajua kuliona hilo.

Na kwetu Pwani usidhani hapakuwa na watu wa namna hiyo. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akikata picha na kuziunganisha kwa mkono, miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia studio. Alikuwa na wazo, na mkasi ukalitii.

Mimi kazi nilifundishwa na fundi mmoja wa mjini, mwenye studio ya chumba kimoja na chumba cha giza nyuma. Nilikuwa kijana wa miaka 17, kazi yangu kusafisha filamu na kufagia. Harusi nzima ilipigwa kwa mikanda miwili ya pozi 36, yaani picha 72, basi. Siku aliyoniahidi kunituma harusini kwa mara ya kwanza nilivaa shati jipya. Nilipofika studio akaniambia kamera iache hapo mezani, nenda hivyohivyo, jioni uje uniambie umeona nini.

Nilikwenda nimevimba. Jioni nikamwambia nimeona bwana harusi amevaa kanzu na joho, watu walikuwa wengi, pilau ilikuwa nyingi. Akaniuliza nani alilia. Sikujua. Nani alisimama mlangoni asiingie? Mama wa bi harusi, mikono yake ilikuwa wapi wakati mwanawe anatolewa? Sikujua hata kimoja. Akasema, "Sasa ningekupa mkanda, ungepiga nini?" Alinituma harusi tatu namna ile kabla sijashika kamera. Ya tatu nilirudi na maneno mengi mpaka akaniambia ninyamaze.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu ya picha yako ya 7.

Ni ya singo. Mikono mitatu ya watu wazima inampaka bi harusi mkononi, na kidole cha mmoja wao kina pete ya fedha iliyozama nusu kwenye singo. Kikuba cha asumini kiko kwenye mkeka karibu na bakuli. Mlango wa uani uko wazi, nauona ukingo wake kushoto, na mwanga ulikuwa unaingia kutoka kule. Katika picha zote 16 ulizonitumia, hapo peke yake ndipo nilipoona mtu amelitazama jambo. Uliiona ile pete, sivyo? Ndiyo maana ukapiga mikono ukaacha nyuso. Yule dada hana picha kama hiyo, na sidhani aliwahi kuitafuta.

Lakini uliipiga ukiwa umesimama, na flashi ikawaka mbele kwa mbele. Manjano ya singo yakawa karibu meupe, kivuli cheusi kikajibandika ukutani nyuma ya mikono, na mwanga wa mlangoni ukauawa. Zima flashi pale. Keti mkekani pamoja nao, kwa sababu wewe ni mwanamke na una haki ya kuketi pale. Ujue kwamba nafasi hiyo haiuzwi dukani. Mgongo uelekeze upande wa ukuta, mlango uwe ubavuni, ili mwanga upite juu ya mikono kutoka upande mmoja, na kila mkunjo wa ngozi ya wale bibi upate kivuli chake. Kisha ngoja mpaka ile pete itoke kwenye singo.

Kuhusu ngozi, nikueleze jambo ambalo wengi hawalijui. Kipima mwanga cha kamera kinachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kama kijivu. Ukimpiga bi harusi aliyejaa shela nyeupe, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wake mweusi unazama. Ukimpiga bibi aliyevaa buibui, inafanya kinyume, inaongeza mpaka uso unapauka. Kamera mpya zinautambua uso, zinakosea mara chache zaidi, lakini hazijui wewe unataka uso wa bi harusi ung'ae kiasi gani kwenye kivuli. Hilo unaliamua wewe. Kwa bi harusi wa shela ongeza mwanga hatua moja, tazama kioo cha nyuma ya kamera, rekebisha. Na usimfanye mweupe! Picha zako mbili zimemtoa binti wa watu rangi aliyozaliwa nayo, na za mwenzako zote nne zimefanya hivyo. Kwa miongo mingi Kodak walizipa maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe ili rangi zisawazishwe kwa ngozi yake, na mafundi waliziita kadi za Shirley. Ngozi zetu ziliumizwa sana na mpango ule. Sisi wenyewe tusiuendeleze kwa mikono yetu wakati wa kuediti.

Sasa vifaa, maana ningekuwa sikutendei haki nikisema havina maana.

Kamera yako inatoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456, karibu milioni 18. Ukichapa kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya inchi 17 kwa 11 na zaidi kidogo. Albamu kubwa za wateja wako hazifiki hapo. Televisheni ya Full HD ya sebuleni inaonyesha pikseli milioni mbili tu. Kwa hiyo hesabu ya pikseli iondoe kichwani kabisa.

Ukumbini usiku ni suala jingine. Pale kamera yako inaumia kweli, na yule dada anakushinda kwa haki. Ila tazama kinachokuumiza: ile lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ndiyo kubwa). Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi! Na ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote, na iliyotumika hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya huo mkopo. Nunua hiyo kwa akiba, harusi mbili zitailipa. Utaniambia na hicho nacho si kifaa? Ni kifaa, lakini unakinunua ukijua kinakwenda kukufanyia nini, na hilo hukuweza kuniambia kuhusu kamera ya milioni 6. Itakufifishia pia lile feni na kiti cha plastiki, ingawa ningependa zaidi ukiondoe kiti kwa mkono kabla hujapiga.

Kuna hofu moja ya haki ambayo hukuitaja. 700D ina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa, harusi ya mtu imepotea, na hairudiwi. Badilisha kadi kila shughuli inapoisha, usisubiri ijae, na siku ya ukumbini kodi kamera ya pili kwa wenzako ikae begini. Siku ambayo utaikodi ile kamera mpya ukakuta inakupa picha uliyokuwa umeiona kichwani na yako imeshindwa kukupa, siku hiyo anza kuiwekea akiba. Nitakuunga mkono.

Kazi ninayokupa ni hii. Singo inayokuja, fika nusu saa kabla ya wenyewe hawajaanza, kamera ikae ndani ya begi. Msaidie somo, yaani kungwi wa bi harusi, kuchanganya singo kama atakuruhusu. Jua nani ni shangazi, nani ni bibi mzaa mama, nani ametoka Pemba na hajaonana na wenzake miaka mingi. Kisha toa kamera, na usipige zaidi ya 72. Hesabu kwelikweli. Ukimaliza, peleka 10 zikachapwe, uzitandaze chini nyumbani, umwite mama yako, umuulize kila mtu aliyemo ndani anahisi nini. Asipoweza kujibu, hiyo picha iweke pembeni.

Ukurasa wako wa mtandaoni nao ufute zile za kochi, uache moja. Weka ile ya mikono utakapokuwa umeipiga upya vizuri. Chini yake andika jina lako na kwamba unapiga upande wa kina mama. Hizo 10 zilizochapwa ziweke kwenye albamu ndogo, uende nayo kwa yule mama wa Ngamiani, ukamwamkie tu. Harusi yake imepita, lakini ana binti wa pili, au jirani yake anaye.

Kaka yako amesema picha ni picha tu. Kuhusu mkopo yuko sahihi, kwenye hilo neno amekosea, na zile 10 zitamweleza kuliko mimi. Hati mrudishie mama leo, kabla hujafanya lolote katika haya. Mpe na salamu zangu.

Mjomba wako